Ufadhili wa Masomo ya Theolojia na Lugha ya Mimbari: Mfano wa Mukuyuni

Utangulizi

Wahenga walisema kuwa mkono mmoja haulei mwana. Methali hii yalifaa Kanisa la Afrika Mashariki kwa namna ya pekee, kwa sababu wengi wa mapadre, makasisi na wachungaji wanaopanda mimbari hivi leo walisomeshwa na mikono mingi. Wako wazazi waliouza mbuzi, usharika uliofanya harambee, askofu aliyetia sahihi barua ya mapendekezo, na mara nyingi mfadhili wa ng'ambo ambaye mseminari hatamtia machoni maishani mwake. Bila mikono hiyo, milango ya seminari ingebaki wazi kwa watoto wa wenye nacho tu.

Hata hivyo, jambo jema halikosi kuhojiwa. Makala haya yanalenga kuuhoji ufadhili wa masomo ya theolojia kwa jicho la mwanafunzi wa Kiswahili. Hayakusudii kuwabeza wafadhili wala wanaofadhiliwa. Hoja yake kuu ni kwamba ufadhili, kama unavyotolewa katika sehemu nyingi, hugharamia nusu moja tu ya safari. Humtoa kijana kijijini na kumfikisha kwenye shahada, lakini haumgharamii njia ya kurudi. Njia hiyo ya kurudi ni lugha.

Mukuyuni, katika Kaunti ya Makueni, ni mahali pafaapo kwa mjadala huu. Jina lenyewe ni la Kikamba, na mzungumzaji wa Kiswahili hulielewa bila mkalimani, kwani lamaanisha mahali penye mkuyu. Mti huo huitwa kwa shina moja la neno katika lugha zote mbili. Ujirani huu wa lugha ni mtaji ambao mtunza hazina wa dayosisi hauoni katika vitabu vyake vya hesabu, na ambao fomu za ufadhili hazina nafasi ya kuuandika.

Kwa nini ufadhili ni wa lazima

Ni vyema kuanza na ukweli usiopingika. Makueni ni nchi ya nusu ukame. Wakulima wake hupanda mahindi, mbaazi na choroko, hutunza maembe na machungwa, na hutegemea mvua za vuli kuliko za masika. Mvua ikikatika, mavuno hupungua. Mavuno yakipungua, sadaka hupungua. Sadaka ikipungua, mwanafunzi aliyetegemea mchango wa usharika hurudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Harambee yaweza kumpeleka kijana chuoni muhula wa kwanza kwa vifijo na nderemo, lakini ni vigumu kuirudia kila muhula kwa miaka mitatu au minne. Watu hawachoki kupenda. Mifuko ndiyo huchoka.

Kwa mseminari Mkatoliki safari huwa ndefu zaidi. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983 inataka masomo ya falsafa na theolojia yachukue miaka sita kamili kwa uchache, miwili ya falsafa na minne ya theolojia, na juu yake huja mwaka wa maandalizi na muda wa uchungaji. Jimbo changa kama la Wote, lililoundwa mwaka 2023 kutokana na Jimbo la Machakos, haliwezi kutarajiwa kuubeba mzigo huo peke yake.

Yupo atakayeuliza: kwa nini mwanafunzi wa theolojia asikope kama wenzake? Kenya ina Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1995. Jibu ni la kihesabu. Mkopo hulipwa kwa mshahara, na mchungaji wa kijijini hulipwa kwa kadiri ya kapu la sadaka. Mtu anayeingia katika utumishi akiwa na deni la miaka mingi hulazimika kuchagua kati ya kulilipa na kukubali kutumwa mahali pasipo na kitu. Aidha, vyuo vidogo vya Biblia ambavyo havijasajiliwa na mamlaka za elimu za serikali huachwa nje ya mpango huo, ilhali huko ndiko wainjilisti wengi wa vijijini husomea. Kwa hiyo, ufadhili si anasa. Ndio unaomwezesha maskini kuitikia wito bila kuuza uhuru wake.

Chimbuko la ufadhili huu

Ufadhili wa watumishi wa Kanisa haukuanza jana. Katika karne ya kumi na tisa, watoto waliokombolewa kutoka utumwani na kusomeshwa na wamisheni ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa aina hii katika pwani ya Waswahili. William Jones na Ishmael Semler walisomea India, karibu na mji wa Nasik, chini ya shirika la CMS. Mwaka 1885 Askofu James Hannington aliwapa daraja la ushemasi hapa pwani ya Kenya. Upande wa Zanzibar, Cecil Majaliwa alisoma Kiungani, akapelekwa Canterbury, Uingereza, kisha akapewa upadre mwaka 1890. Hao wote walisomeshwa kwa michango ya waumini wa mbali. Jambo la kuzingatia ni kwamba walirudi katika mazingira ambamo Kiswahili kilikuwa kikiandikwa, kikichapishwa na kutumiwa katika ibada. Elimu yao ilikuta lugha inayoisubiri.

Kwa Wakatoliki, mwaka 1889 Askofu Cousin wa Nagasaki, Japani, alikuwa na vijana waliotaka upadre lakini hakuwa na fedha za kuwasomesha. Barua yake ilimfikia Jeanne Bigard na mamaye huko Caen, Ufaransa. Kutokana na hapo likazaliwa Shirika la Mtakatifu Petro Mtume, ambalo mwaka 1922 lilifanywa kuwa la Kipapa, na ambalo hadi leo husaidia seminari za nchi za misheni, Kenya ikiwamo. Kwa Waprotestanti, mkutano wa Baraza la Kimataifa la Misheni uliofanyika Achimota, Ghana, mwishoni mwa mwaka 1957 hadi mwanzoni mwa 1958, ulianzisha Mfuko wa Elimu ya Theolojia kwa mtaji wa dola milioni 4. Nusu yake ilitokana na fedha za John D. Rockefeller Mdogo, na nusu ya pili ikatoka katika bodi za misheni za Marekani.

Mfuko huo unastahili kukumbukwa kwa sababu nyingine pia. Chini ya uongozi wa Shoki Coe, mtaalamu wa theolojia kutoka Taiwan, mfuko ulitambua mwaka 1972 kwamba kujenga maktaba na kulipa karo hakutoshi, na kwamba theolojia yapaswa kuota katika udongo wa mahali. Yaani wenye fedha wenyewe waliyakiri haya zaidi ya nusu karne iliyopita. Swali ni kwa nini fomu za maombi hazijaujibu ukiri huo.

Katika Ukambani historia hiyo ina sura yake. Johann Ludwig Krapf alifika huko mwaka 1849, na mwaka uliofuata Injili ya Marko ikachapwa kwa Kikamba. Peter Cameron Scott, mwanzilishi wa Africa Inland Mission, aliweka kituo chake cha kwanza Nzaui, katika eneo ambalo leo ni Makueni, mwaka 1895, na akafa mwaka 1896. Chuo cha Theolojia kilichopewa jina lake kilianzishwa Machakos mwaka 1962, kikapata hati ya serikali mwaka 1997, na baadaye kikawa Chuo Kikuu cha Kikristo cha Scott. Kijana wa Mukuyuni mwenye wito hana haja ya kuvuka bahari ili apate shahada ya theolojia. Mlango uko karibu. Ugumu uko katika karo, na katika kile kinachofundishwa ndani ya mlango huo.

Lugha ya fomu, lugha ya darasa, lugha ya mimbari

Ni muhimu kuitazama kwa makini njia anayopitia mwombaji wa ufadhili. Kwanza huandika insha kuhusu wito wake. Huambatisha vyeti, barua ya askofu au ya wazee wa kanisa, na mara nyingine tamko la imani. Huhojiwa. Akifaulu, hulipiwa karo yote au sehemu yake, na penye masharti ya kuchangia, kanisa lake hutakiwa kuonyesha fungu lake kabla fungu la mfadhili halijatoka. Kila muhula hupeleka matokeo, na kila mwaka humwandikia mfadhili barua ya shukrani, pengine pamoja na picha. Hatua zote hizi, mfadhili anapokuwa wa ng'ambo, hufanywa kwa Kiingereza. Matokeo yake ni kwamba mchujo unaodaiwa kuwa wa wito huwa pia mchujo wa lugha. Mwinjilisti aliyeongoza sharika tatu kwa miaka kumi, mwenye kauli ya kuwaliza na kuwachekesha watu kwa Kikamba na Kiswahili, aweza kuachwa nyuma na kijana aliyejaliwa insha nzuri ya Kiingereza. Kwa hakika, mwenye kisu kikali ndiye alaye nyama. Lakini ni nani aliyeamua kuwa kisu ni kimoja tu?

Akishaingia chuoni, mwanafunzi husoma vitabu vya Kiingereza, huandika tasnifu kwa Kiingereza, na hufanya mtihani kwa Kiingereza. Baada ya miaka minne hurudi mimbarini. Usharika wa Mukuyuni humsubiri kwa Kikamba. Pale sokoni, shuleni, au katika miji anakoweza kuhamishiwa, ambako mwalimu ni Mtaita, askari ni Mluhya na muuguzi ni Mmeru, humsubiri kwa Kiswahili. Hapo ndipo pengo linapojitokeza. Si kwamba mchungaji huyo hakijui Kiswahili. Alikifanyia mtihani wa kidato cha nne. Kilichokosekana ni Kiswahili cha taaluma yake. Hakupata kufundishwa kuichunguza lugha hiyo kama chombo cha theolojia.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha uzito wa jambo hili. Neno neema katika Biblia ya Kiswahili hubeba fundisho la kipawa cha Mungu asichokistahili mwanadamu. Lakini katika matumizi ya kila siku, neema ni utele: mwaka wa neema ni mwaka wa mvua, ghala lililojaa na mifugo iliyonona. Mkulima wa Makueni, ambaye amehesabu misimu kadhaa ya ukame, analisikia neno hilo kwanza kwa maana ya pili. Mhubiri wa injili ya mafanikio analijua jambo hilo vizuri; hulipenyeza neno kutoka maana moja hadi nyingine bila msikilizaji kung'amua, na mwisho wa mahubiri huomba sadaka ya kupanda mbegu. Mchungaji aliyesoma theolojia ya neema kwa miaka minne angeweza kumjibu, lakini yeye aliisoma kwa neno jingine, katika lugha nyingine, mahali ambapo mtego huu haupo. Hivyo mwenye elimu ndogo hushinda kwa kuijua lugha, na mwenye elimu kubwa hushindwa kwa kutofundishwa kuijua.

Mifano mingine haikosekani. Kuhesabiwa haki ni msemo ambao sarufi yake yenyewe ni fundisho, kwani kitenzi kimetendwa na mhusika hakujihesabia kitu. Neno haki hubeba mambo mawili, uadilifu wa Mungu na kile ambacho raia hudai mbele ya chifu na hakimu, na mhubiri makini angeweza kulitumia daraja hilo kufundisha yote mawili. Kuokoka, kwa matumizi ya Kenya, kumekuwa jina la kundi la watu zaidi ya kuwa tendo la Mungu. Sala, imani, toba, malaika na nabii ni maneno ambayo Mkristo na Mwislamu wanayamiliki pamoja, na kwa hiyo ni msingi wa mazungumzo ya ujirani mwema. Haya yote ni masomo ya semantiki na isimujamii yanayosubiri kufundishwa katika seminari.

Si suala la ufasaha tu

Msomaji aweza kudhani kwamba mjadala huu ni wa wapenda lugha wanaotetea shamba lao. Sivyo. Mnamo Aprili 2023 taifa la Kenya lilishtushwa na habari za Shakahola, katika Kaunti ya Kilifi, ambako zaidi ya miili 400 ilifukuliwa kutoka makaburini. Kwa mujibu wa upande wa mashtaka, waathiriwa walihimizwa kufunga hadi kufa ili wamwone Yesu. Kufunga ni neno la kawaida la ibada, linalojulikana msikitini na kanisani. Neno kama hilo likichukuliwa na kugeuzwa, anayehitajika karibu ni mtu wa kusema, kwa lugha ile ile na kwa mamlaka ya elimu, kwamba siyo hivyo.

Serikali zimejaribu kulitatua tatizo la mafunzo ya viongozi wa dini kwa njia ya sheria. Rwanda, kwa sheria ya mwaka 2018, iliwataka viongozi wa makanisa wawe na shahada ya theolojia. Kenya ilipendekeza kanuni za kudai vyeti vya theolojia, lakini mwanzoni mwa mwaka 2016 ziliwekwa kando baada ya upinzani wa makanisa. Baada ya Shakahola mjadala ulifufuka. Makala haya hayapingi vyeti. Yanasema tu kwamba cheti kilichopatikana kwa lugha ambayo muumini haisikii hakimlindi muumini huyo. Anayedai elimu kwa wahubiri bila kuuliza inatolewa kwa lugha gani amefunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Mbiti na vitenzi vya Kikamba

Ukambani imewahi kumtoa mwanatheolojia aliyelionyesha jambo hili kwa vitendo. John Samuel Mbiti alizaliwa Mulango, Kitui, mwaka 1931. Alisoma Alliance, kisha Makerere, akaenda Marekani katika Chuo cha Barrington, na hatimaye Cambridge, alikopata shahada ya uzamifu mwaka 1963. Alifundisha Makerere kuanzia mwaka 1964 hadi 1974, akaongoza Taasisi ya Kiekumene ya Bossey, Uswisi, na akafariki Oktoba 2019.

Mtu aweza kudhani kuwa huyu ndiye kielelezo cha aliyekwenda asirudi. Ukweli ni mgumu zaidi ya hapo. Utafiti wake wa Cambridge ulihusu mafundisho ya mambo ya mwisho katika Agano Jipya na jinsi yalivyopokewa na Wakamba, na msingi wake mmojawapo ulikuwa njeo za vitenzi vya Kikamba. Aliuliza wamisheni walieleweka vipi walipohubiri juu ya wakati ujao wa mbali kwa watu ambao vitenzi vyao, kwa maoni yake, havikuutaja wakati huo. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 kuhusu dini na falsafa za Kiafrika, alichagua maneno mawili ya Kiswahili, sasa na zamani, yawe nguzo za nadharia yake ya wakati. Na alipokuwa mzee, mwaka 2014, alitoa tafsiri ya Agano Jipya kwa Kikamba aliyoifanya kutoka Kiyunani.

Nadharia yake ya wakati imepingwa na wengi, na mwanafunzi wa Kiswahili ana la kuongeza, kwani lugha yenye mtondo, mtondogoo na kiyama haiwezi kusemwa kwa wepesi kuwa haina wakati ujao. Lakini hilo lenyewe ndilo linalothibitisha hoja ya makala haya. Ubishi wa kitaaluma ulioanzia katika vitenzi vya Kitui uliwafikia wasomi wa dunia nzima, na silaha za kuuendeleza ziko mikononi mwa wanaozijua lugha hizi. Kilichompa Mbiti neno la kusema mbele ya dunia ni lugha ya Mulango. Elimu ya Cambridge ilimpa zana za kulisema. Ufadhili wenye hekima ungezigharamia zote mbili.

Hoja za wanaopinga

Wapo watakaosema kwamba Kiingereza ni lango la maktaba ya dunia, na kwamba kumfungia mseminari katika Kiswahili ni kumdumaza. Hoja hii ina ukweli, na hakuna anayependekeza lango lifungwe. Kinachopendekezwa ni kuongeza lango la pili. Sheria ya Kanisa Katoliki iliyotajwa hapo juu inataka mseminari afundishwe kwa makini lugha yake ya asili, aielewe vyema Kilatini, na awe na ujuzi wa kufaa wa lugha za kigeni. Lugha ya nyumbani imetajwa ya kwanza. Halikadhalika, Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 7, inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza.

Wengine watasema kuwa Mukuyuni ni kijiji cha Wakamba, na hivyo kinachohitajika ni Kikamba wala si Kiswahili. Hao nao wana haki yao. Kikamba ni lugha ya msiba, ya ndoa na ya kitanda cha mgonjwa, na mchungaji asiyeimudu hapo hana kazi. Lakini mchungaji huhamishwa, vijana huhama, na vitabu vya Kikamba pekee haviwezi kulipia gharama ya uchapishaji wa theolojia. Kitabu cha Kiswahili kilichoandikwa Machakos husomwa Dodoma na Bukavu. Lugha hizi mbili hazishindani. Moja ni jiko, nyingine ni njia ya kwenda sokoni.

Wapo pia watakaodai kwamba mwenye fedha ana haki ya kuweka masharti yake. Naam, anayo. Lakini mpokeaji naye ana haki ya kuyajadili. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki alisimama Milwaukee, Marekani, akataka wamisheni na fedha zao vizuiwe kwa muda ili makanisa ya Afrika yajifunze kusimama. Mwaka 1974 mkutano wa Makanisa ya Afrika yote uliofanyika Lusaka uliliunga mkono wazo hilo. Wengi waliona kuwa ni kiburi. Lakini mjadala huo uliimarisha wazo ambalo Kiswahili kilikuwa na jina lake tayari, nalo ni kujitegemea. Mtegemea cha nduguye hufa maskini, na asiyejadili masharti ya msaada hufa akiwa maskini wa fikra pia.

Mapendekezo

Kwanza, kila ufadhili wa shahada ya theolojia utenge fungu dogo kwa ajili ya lugha. Mwanafunzi anayehitimu aandike, pamoja na tasnifu yake, kijitabu cha kurasa ishirini au thelathini kwa Kiswahili au kwa lugha ya mama kinachoeleza alichokigundua, ili kisomwe na waliomchangia. Gharama ya kuchapa kijitabu kama hicho ni ndogo mno ikilinganishwa na karo ya miaka minne. Usharika uliouza mbuzi una haki ya kusoma matunda ya mbuzi wake.

Pili, maombi na mahojiano yaruhusiwe kufanywa kwa Kiswahili. Mashirika yenye ofisi Nairobi au Arusha hayakosi wasomaji wa Kiswahili. Jambo hili lingewafungulia mlango wainjilisti wenye uzoefu, na wanawake wengi wanaobeba kazi ya Kanisa vijijini bila cheti.

Tatu, fedha zisielekezwe kwenye shahada pekee. Elimu ya theolojia kwa njia ya enezi, iliyoanzishwa Guatemala mwaka 1963 ili mwanafunzi asome akiwa kwake, ilienea hadi Afrika Mashariki. Humfaa mtu mwenye shamba na watoto, na hufanyika kwa lugha ya mahali. Mfadhili mwenye kiasi kinachotosha kumsomesha mtu mmoja ng'ambo aweza kuwasomesha wengi kwa njia hii.

Nne, sharika zianzishe mifuko yake zenyewe, hata kama ni midogo. Haba na haba hujaza kibaba. Usharika unaochanga sehemu ya karo hupata sauti ya kuuliza mwanafunzi wake anafunzwa nini. Usiochanga chochote hubaki kupiga makofi siku ya mahafali.

Tano, na hili ni la wasomaji wa jarida hili, idara za Kiswahili zivuke barabara na kubisha hodi katika seminari. Wako wapi watahini na wahadhiri wa Kiswahili katika vyuo vya theolojia? Iko wapi kamusi ya istilahi za theolojia iliyotungwa na wanaisimu na wanatheolojia wakiwa wameketi meza moja? Wanafunzi wa uzamili hulalamika kuwa mada za utafiti zimekwisha, huku lugha ya mahubiri, ya nyimbo za ibada na ya tafsiri za Biblia, tangu Muungano wa 1952 hadi Habari Njema ya miaka ya tisini, ikiwasubiri kama shamba lisilolimwa.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba ufadhili wa masomo ya theolojia una historia ndefu, umewafaa wengi, na bado ni wa lazima mahali kama Mukuyuni ambako karo hufuata mvua. Yameonyesha pia kuwa ufadhili usiojali lugha humrudisha mchungaji nyumbani akiwa na hazina asiyoweza kuigawa, na kuuacha uwanja kwa wenye maneno matamu na elimu haba. Dawa yake haihitaji mfuko mpya wa mamilioni. Inahitaji mstari mmoja katika fomu ya ufadhili, saa chache katika ratiba ya seminari, na utayari wa wataalamu wa Kiswahili kutoka katika kumbi zao.

Mcheza kwao hutunzwa. Kanisa likimsomesha mtoto wake ili acheze ugenini tu, lisishangae siku watunzaji wake watakapokuwa wa ugenini pia.